Ulinganisho: Precision au Jazz Bass kwa mpiga besi wa bendi?

Mzee wa Besi (mleta mada)

Vijana wanaoanza kupiga na bendi huniuliza mara kwa mara kama wanunue gitaa la besi la aina ya Precision au la aina ya Jazz Bass. Swali hilo halijibiki vizuri kwa maneno mawili matatu, kwa hiyo naleta hoja zangu hapa ili wadau wenye uzoefu tofauti nao waseme. Ninazungumzia aina, wala si chapa iliyoandikwa kichwani mwa gitaa, kwa sababu viwanda vingi siku hizi vinafuata michoro hiyo miwili ya kampuni ya Fender, ule wa Precision wa mwaka 1951 na ule wa Jazz Bass wa mwaka 1960.

Msimamo wangu ni kwamba mtu ambaye kazi yake ni kupiga ndani ya bendi anatoshelezwa na Precision iliyofungwa nyuzi bapa, yaani zile zilizozungushiwa utepe laini wa chuma badala ya waya wa mviringo. Pikapu yake moja (kifaa cha sumaku kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme), ambayo tangu 1957 imegawanywa vipande viwili, imekaa mahali ambapo uzi unatoa uzito na sauti za kati kwa pamoja. Mpigaji hana vitufe vingi vya kuhangaika navyo, kwani kuna cha sauti na cha toni, basi. Wapo wanaouona huo kuwa upungufu. Mimi ndicho ninachokipenda, kwa kuwa mkono ndio unaolazimika kwenda kuitafuta sauti: ukipiga karibu na shingo inakuwa nene na laini, ukisogeza vidole kuelekea kwenye briji, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, inakauka na kupata makali.

Anayetaka ushahidi amsikilize James Jamerson, aliyekuwa akipigia kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit pamoja na wanamuziki waliojulikana kama Funk Brothers. Alitumia Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa nene za La Bella ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, kipande cha sponji chini ya kifuniko cha briji, na kidole kimoja tu cha shahada. Kwa vifaa hivyo vichache aliiondoa besi kwenye kazi ya kugonga noti ya msingi tu, akaifanya iimbe chini ya mwimbaji bila kumfunika. Kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya santuri, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu watu walikuwa wakizicheza nyimbo zile kwa kuifuata besi yake pasipo kujua ni nani anayewachezesha.

Jazz Bass nayo ni gitaa zuri, na siwezi kulidharau gitaa walilolitumia John Paul Jones wa Led Zeppelin na Aston Barrett wa The Wailers. Shaka yangu iko mahali pamoja. Pikapu zake mbili zikifunguliwa zote mpaka mwisho, zinausikiliza uzi katika sehemu mbili tofauti, na baadhi ya sauti za kati zinauana zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa peke yako chumbani, sauti inayobaki inapendeza sana: chini kuna mvumo na juu kuna mng'aro. Ukiingia kwenye bendi yenye magitaa matatu na kinanda, zile sauti za kati zilizopotea ndizo ambazo zingemsaidia msikilizaji kuitambua noti, naye anabaki akisikia mtikisiko usio na jina.

Dada wa Besi

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu Jamerson, lakini Jazz Bass umeihukumu kwa namna moja tu ya kuitumia, ambayo ndiyo wanayoanza nayo wengi na ndiyo isiyofaa kwenye bendi. Mwenye gitaa hilo hapaswi kufungua vitufe vyote viwili vya pikapu mpaka mwisho. Mimi hufungua pikapu ya mbele yote, kisha ya nyuma naipunguza kidogo tu, na sauti za kati zinarudi mara moja. Bendi ikihamia kwenye wimbo wa kasi unaodai kila noti isikike imekatika, nageuza, yaani ya nyuma inakuwa yote na ya mbele inapungua. Precision haiwezi kunipa hilo hata mkono wangu ukisogea vipi.

Jambo la pili ni shingo. Pale nyuzi zinapoanzia, karibu na kichwa, shingo ya Jazz Bass ina upana wa takriban milimita 38, ilhali ya Precision huwa kati ya 41 na 44 kufuatana na toleo. Anayesoma vipimo hivi kwenye karatasi anaweza kuviona vidogo, lakini mwenye vidole vifupi anayeshikilia onyesho la saa tatu huanza kuusikia uchovu kwenye kiganja, na uchovu wa kiganja huharibu wakati. Besi iliyochelewa nusu ya nusu ya pigo inaiangusha bendi nzima, hata kama toni yake ni ya dhahabu.

Na mpiga besi Jaco Pastorius tumweke wapi? Alipojiunga na bendi ya jazz ya Weather Report mwaka 1976 alikuwa na Jazz Bass isiyo na freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), yenye nyuzi za waya wa mviringo, na ubao wa shingo alioupaka gundi ngumu ya epoksi ili nyuzi zisiutafune. Ile sauti inayolia kama binadamu inatoka kwenye pikapu ya nyuma, na Precision ya kawaida haina pikapu hiyo.

Fundi wa Magitaa

Naomba niongeze jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakati gitaa limeshafika nyumbani. Pikapu iliyogawanyika ya Precision imesukwa hivi kwamba mvumo wa umeme unaoingia kwenye kipande kimoja unafutwa na kipande cha pili, kwa hiyo gitaa linakuwa kimya wakati wote. Jazz Bass ina pikapu mbili za koili (msokoto wa waya) moja moja, ambazo hufutana mvumo pale tu zinapokuwa zimefunguliwa sawa. Ukipunguza moja, kama anavyofanya Dada wa Besi, mvumo unaanza kurudi, na unakuwa mbaya zaidi karibu na taa za kupunguza mwanga au transfoma kubwa.

Kulijaribu ni rahisi. Chomeka gitaa, fungua pikapu zote mbili kwa usawa, usiguse nyuzi, halafu zungusha kitufe cha pikapu moja taratibu ukielekea sifuri na usikilize. Mvumo ukipanda kidogo kidogo, hiyo ni tabia ya gitaa lenyewe wala si ubovu. Ukipanda kwa kishindo na usififie unapoigusa briji, kagua waya wa kutuliza umeme unaopita chini ya briji, kwa sababu mara nyingi huwa umelegea au haujawahi kuunganishwa vizuri. Zipo pia pikapu za Jazz zenye koili mbili ndani ya umbo lile lile, ambazo hazivumi, ingawa baadhi ya wapigaji husema zinapoteza mng'aro kidogo, nami kwa kiasi nakubaliana nao.

Fundi Mitambo

Mimi husimama upande wa pili, nyuma ya mashine ya kuchanganya sauti, na nakiri kwamba nikiona Precision inapanda jukwaani roho yangu inatulia. Uzi mzito wa besi ya nyuzi nne, ambao ni noti ya E, unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, na spika nyingi haziwezi kuitoa sauti hiyo kikamilifu. Kwa kiasi kikubwa watu husikia jamaa zake wa juu, yaani sauti za juu zinazozaliwa pamoja na noti hiyo, kuanzia mara 82 na kuendelea, kisha sikio lenyewe linaujazia msingi. Mpigaji anayekata sauti za kati kwenye amplifaya yake na kupandisha za chini kabisa anagombania nafasi na dramu ya mguu, wote wawili wanafunikana, halafu mimi ndiye ninayelaumiwa kwamba besi haisikiki.

Kuhusu ukubwa wa amplifaya, vijana wanapaswa kufahamu kwamba kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 pekee, ambazo ni badiliko la wastani tu masikioni. Spika nzuri ya pili mara nyingi inasaidia zaidi kuliko wati za ziada, mradi hesabu ya omu (kipimo cha ukinzani wa spika) iwe sahihi: kabati mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya nyingi za transista haziruhusu kushuka chini ya hapo.

Kijana wa Nyuzi Tano

Shikamooni wakubwa. Nimefuata kila hoja, lakini naona hakuna aliyegusa besi ya nyuzi tano yenye betri ndani, ambayo ndiyo ninayoishuhudia mikononi mwa wapigaji wengi wa sasa. Je, si afadhali kununua moja kwa moja kitu kilicho na kila kitu? Na amplifaya ndogo hizi za kisasa, je, zinaweza kweli kushindana na zile kubwa za zamani?

Mzee wa Besi

Marahaba, kijana wangu. Nianze na amplifaya, kwa sababu jibu lake ni fupi. Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969 ilikuwa na wati 300 za taa (vali za kioo, wala si transista), na kichwa chake peke yake kilikaribia kilo 40, bila kuihesabu kabati ya spika nane. Sauti yake naipenda, hasa inapoanza kukwaruza kidogo pale unapokaza mkono, lakini mgongo wangu umeshastaafu kazi ya ukuli. Amplifaya ndogo ya kilo 3 yenye wati za kutosha inamfikisha mpigaji anapotaka. Atakayebahatika kupata ya taa asiiwashe kamwe na kuipigia bila kuiunganisha na spika, kwa kuwa transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Uzi wa tano, ule wa B, unashuka hadi mitikisiko 31 hivi kwa sekunde, na Fundi Mitambo ameshaeleza masaibu ya 41. Kama waimbaji wenu hubadilisha ufunguo mara kwa mara, au mnapiga injili ya kisasa inayodai noti za chini kabisa, utauhitaji, nawe hakikisha umeusikiliza uzi huo wenyewe dukani, kwani kwenye gitaa lisilotengenezwa vizuri unalegea na noti zake zinakuwa kama zimelowa. Betri nayo ina manufaa yake. Bernard Edwards wa bendi ya Chic alipiga Music Man StingRay, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na kikuza sauti cha betri ndani, na sijui ni nani anayeweza kuukosoa mdundo wake. Hata hivyo sikiliza anavyoacha nafasi, anavyoikata noti kabla haijamkanyaga mpiga gitaa Nile Rodgers. Hilo halitoki kwenye betri.

Utalisikia jambo hilo hilo kwenye rumba. Katika TPOK Jazz ya Franco, sebene ikianza, kila gitaa lina njia yake juu, na besi ya mtu kama Decca Mpudi haikimbizani nayo. Inaruka, inanyamaza, inarudi mahali ambapo mguu wa mchezaji unaisubiri. Bendi ninazozipenda ni zile ambazo ukiiondoa besi, wimbo unaanguka, na ukiirudisha, hakuna anayeisifu peke yake.

Dada wa Besi, hoja yako ya shingo naipokea yote. Mwenye kiganja kidogo achukue Jazz Bass, au Precision iliyowekewa shingo nyembamba, maana zinatengenezwa. Suala la Jaco naliona tofauti: yeye aliifanya besi kuwa mwimbaji mkuu, na Weather Report ilijengwa kwa namna iliyompa nafasi hiyo. Bendi nyingi anazoingia kijana hazina nafasi hiyo ya wazi.

Dada wa Besi

Hapo tumekaribiana, Mzee. Swali langu la mwisho ni la vitendo. Nimeshawishika kuzifunga nyuzi bapa kwenye gitaa langu la pili. Kuna lolote la kuangalia kabla ya kuzifunga?

Fundi wa Magitaa

Naomba nimjibu kwa niaba ya Mzee. Seti nzito kama ile ya Jamerson inaanzia inchi 0.052 hadi 0.110, wakati seti ya kawaida ya waya wa mviringo huwa 0.045 hadi 0.105. Kwa hiyo kwanza tazama kama uzi unaingia vizuri kwenye mifereji yake pale shingo inapoanzia; ukiwa unakaa juu ya mfereji, mfereji upanuliwe kwa tupa nyembamba na fundi mwenye mkono mwepesi. Pili, nyuzi hizo huvuta zaidi, na shingo itapinda mbele. Zifunge, zitune, uliache gitaa hadi siku ya pili, kisha ukandamize uzi mzito kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja na utazame mwanya uliobaki katikati, karibu na freti ya saba au ya nane. Takriban theluthi ya milimita inatosha. Mwanya ukizidi hapo, kaza chuma kilicho ndani ya shingo kwa robo mzunguko, tuna upya, pima tena, na usikaze zaidi ya hapo kwa siku moja.