Mainjinia, wahamasishaji na madaktari wa viungo vingine: ubongo mtuachie

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiupeleke kwenye jukwaa la vichekesho, maana hali imeshapita kiwango cha kucheka.

Kuna watu wana akili timamu na vyeti halali. Mmoja anakokotoa uzito wa daraja na hakosei. Mwingine ni bingwa wa kupasua moyo. Wa tatu ni mchumi. Kila mmoja akiwa kwenye fani yake ni mtu wa kusikilizwa. Balaa linaanza jioni, akishasoma muhtasari wa utafiti mmoja wa ubongo, muhtasari tu, aya moja, halafu asubuhi anautangazia umma kwamba "sayansi imethibitisha" dopamini yako (kemikali ya kupitishia ishara kwenye ubongo) imeisha, mwanao anatumia upande wa kulia, na mkeo akikasirika ujue amigdala, kijisehemu cha ndani ya ubongo, imemteka. Watu wanagonga laiki kwa sababu mbele ya jina pameandikwa Dkt. Hakuna anayeuliza: daktari wa nini?

Kinachoudhi ni kwamba hawa ndio waliopaswa kujua. Mwambie injinia kwamba mshale wa geji ya mafuta ndio mafuta yenyewe, atakucheka mpaka machozi. Mpe picha ya ubongo yenye doa jekundu, anasahau yote aliyosomea. "Hapa ndipo wivu ulipo," anasema, na kidole kaelekeza.

Sasa hiyo picha. Mashine ya fMRI, ndiyo inayotoa picha hizo, haioni mawazo, wala haioni seli za neva zikifanya kazi. Ni sumaku kubwa, kwa kawaida ya tesla 1.5 au 3, na inategemea jambo moja: himoglobini iliyoachia oksijeni inavuruga uga wa sumaku unaoizunguka, iliyobeba oksijeni haivurugi hivyo. Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1990. Seli za eneo fulani zikichapa kazi, damu yenye oksijeni inamiminwa pale kwa wingi kuliko inavyohitajika, na mashine inanasa badiliko hilo la damu. Damu yenyewe haina haraka. Seli inarusha ishara kwa milisekunde moja hivi. Damu inafika kilele sekunde 5 au 6 baadaye, na inachukua sekunde 15 au zaidi kutulia. Ni kuhesabu magari kwa kutazama vumbi lililobaki barabarani. Inawezekana, ila ujue unachotazama ni vumbi.

Na badiliko ni dogo mno. Kwenye kazi za kufikiri mara nyingi ni asilimia 1 au pungufu. Kichwa kikisogea milimita 2 tu, msogeo unaweza kuimeza ishara yote. Ndiyo maana mtu analazwa, kichwa kinabanwa kwa sponji pande zote, anarudia zoezi lile lile mara kadhaa wa kadhaa, kisha unatafutwa wastani. Halafu inafanyika hesabu ya kutoa: ishara alipokuwa anatazama nyuso, toa ishara alipokuwa anatazama nyumba. Baki ikivuka kizingiti cha takwimu alichokiweka mchambuzi, inapakwa rangi. Badala ya nyumba weka viti, na madoa yanaweza kuhama. Kwa hiyo mtu anayekwambia "eneo hili liliwaka" bila kusema lililinganishwa na nini hajakwambia kitu. Na lile eneo la kijivu halijalala, halikuvuka kizingiti basi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula kama asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika. Mwili haulishi kiungo cha namna hiyo ili tisa ya kumi yake ikae bure, kwa hiyo ile habari ya "tunatumia asilimia 10" naomba izikwe leo.

Tena kila nukta kwenye picha ni kijisanduku kinachoitwa vokseli. Kikiwa na milimita 3 kila upande, ujazo wake ni milimita 27 za ujazo, na ndani yake mna seli za neva laki kadhaa, nyingine zinachochea, nyingine zinazuia. Wewe unaona rangi moja tu na unatangaza "kituo cha upendo".

Mnamjua yule samaki? Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samoni aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali za kijamii, wakamtaka aseme watu wale wana hisia gani. Vokseli kadhaa zikatoka na rangi. Sababu ni hesabu tu: ukipima vokseli 60,000, kila moja kwa kizingiti cha 0.001 (yaani unakubali kudanganywa na bahati mara moja kati ya 1,000), utapata kama 60 za bahati nasibu hata kama ndani hamna uhai. Mwaka 2012 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikakufikirisha. Sasa wajuaji wamelidaka hili nalo wakaligeuza: "fMRI ni utapeli, hata samaki mfu anafikiri." Hapana! Walipofanya marekebisho ya ulinganisho mwingi, yaani kukaza kizingiti kwa kuwa umepima mara nyingi, yale ambayo mchambuzi makini anatakiwa kuyafanya, madoa yote yalitoweka. Utafiti ulikuwa unawasema wanaoruka hatua hiyo. Mtu anabeba nusu ya kisa kwenda kanisani, mwenzake anabeba nusu nyingine kwenda baa, na wote wamekosea.

Ila kosa baba lao ni kusoma kinyumenyume. Utafiti unasema: ukimtisha mtu, amigdala inaitika. Mjuaji anageuza: amigdala imeitika, basi mtu ameogopa. Hiyo haifuati! Amigdala inaitika pia kwa kitu kipya, kwa zawadi, kwa sura za watu. Russell Poldrack aliliandika hilo wazi mwaka 2006: eneo linaloitikia mambo mengi haliwezi kukwambia jambo gani limetokea. Bado mwaka 2011 gazeti zito, The New York Times, lilichapisha makala ikidai kwamba watu wanaipenda simu yao mapenzi ya kweli kwa sababu sehemu ya ubongo iitwayo insula iliitika walipoiona au kuisikia. Insula ni miongoni mwa maeneo yanayojitokeza mara nyingi kuliko yote kwenye tafiti hizi: maumivu, kichefuchefu, njaa, mapigo ya moyo. Kwa mantiki ile ile ungeweza kuandika kwamba simu inawatia kinyaa. Wanasayansi zaidi ya 40 walilazimika kuandika barua ya kupinga.

Na kama mnadhani amigdala ndiyo mashine ya hofu, mwaka 2013 Feinstein na wenzake waliwavutisha hewa yenye asilimia 35 ya kabonidioksidi wagonjwa watatu ambao amigdala zao za pande zote mbili zilikuwa zimeharibika. Wote watatu walishikwa na hofu kali. Semeni tena "imemteka".

Dopamini nayo. Wahamasishaji wanaiita homoni ya furaha na wanawauzia watu mfungo wa siku saba wa kuishusha. Jamani. Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini za nyani miaka ya 1990. Nyani akipewa juisi bila kutarajia, seli zinafyatuka. Akishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi inakuja, zinafyatuka kwenye taa, na juisi ikifika ziko kimya. Taa ikiwaka na juisi isije, zinashuka chini ya kiwango chao cha kawaida, saa ile ile juisi ilipotarajiwa. Seli hizo zinapima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichokuja. Hiyo ni furaha? Muulizeni anayeuguza mgonjwa wa Parkinson: seli za dopamini zikifa, mtu anatetemeka, anakakamaa, kuinuka kitini ni kazi. Mngekuwa mnaimaliza kweli kwa kutazama video, msingeweza kunyanyua hiyo simu. Wala hakuna kidonge cha kuiongeza moja kwa moja, kwa sababu dopamini haipiti kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa anapewa levodopa, inayopita na kugeuzwa dopamini ndani, pamoja na carbidopa ili isigeuzwe njiani kabla ya kufika. Kuweka simu pembeni kunaweza kukusaidia sana. Sema hivyo, inatosha, dopamini iache na kazi zake.

Haya, mpasuaji wa moyo, niambie: mtu wa neva akisoma kurasa mbili akaja kukupangia mishono ya vali, utamvumilia dakika ngapi?

Takwimu_Kavu

Mkuu umewaonea huruma, hujafika kwenye idadi ya watu. Swali la kwanza unaposoma utafiti wa ubongo ni: walipimwa wangapi? Mwaka 2022 Marek na wenzake walionyesha kwamba ukitaka kuoanisha tofauti za ubongo na tofauti za tabia kati ya mtu na mtu (akili, wasiwasi, na kadhalika) unahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti za kawaida zilikuwa na watu kama 25. Sampuli ndogo haikosi tu kitu kilichopo, inakutilia chumvi pia kwenye kile ilichokiokota, kwa sababu ni uhusiano uliovimba kwa bahati tu ndio unaovuka kizingiti. Kinachochapishwa ni uvimbe. Utafiti wa pili ukifanywa, uvimbe unanywea, na mjuaji wetu anakuwa ameshauza kitabu.

La pili: nani alichambua? Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data ile ile ya fMRI na dhana 9 za kupima. Hakuna timu mbili zilizopita njia moja. Walitofautiana kila hatua: kulainisha picha kwa milimita 5 au 8, kutupa au kutotupa waliosogea, programu ipi, kizingiti kipi. Kwenye baadhi ya dhana majibu yalipishana waziwazi. Data moja!

Ukimwona mtu anasema "tafiti zinaonyesha" na hawezi kutaja idadi ya watu, walilinganishwa na nini, na kama eneo lile lilitajwa kabla ya kupima au liliokotwa baadaye, pita na njia yako.

mpitanjia77

Kwa hiyo asiye na digrii ya ubongo asifungue mdomo? Hii ndiyo Dunning-Kruger mnayoisema, kwamba asiyejua hujiona anajua sana: mjinga yuko kileleni mwa mlima na msomi bondeni.

Mleta mada

Afungue, mdau, ila aseme kile alichokisoma kisha aishie pale kilipoishia.

Na huo mlima haumo kwenye utafiti wa Kruger na Dunning wa mwaka 1999. Ulichorwa na watu wa mtandaoni. Walichokuta ni kwamba robo ya chini kabisa, ambao kwa alama waliwazidi watu 12 tu kati ya 100, walijikadiria kuwazidi 62. Mstari wa kujikadiria ulipanda kidogo kadiri uwezo ulivyopanda. Hakuna kilele, hakuna bonde. Umetumia utafiti ambao hujauona kuwasema wasiojua wasichokijua, na sikulaumu, umelishwa.

Ugonjwa wa hao ninaowalalamikia ni mwingine. Mwaka 2015 Atir, Rosenzweig na Dunning waliwapa watu orodha ya istilahi za fedha na kupenyeza humo ambazo hazipo duniani. Waliojiona wajuzi wa fedha ndio walioongoza kudai wanazifahamu. Kwenye jaribio jingine, la istilahi za biolojia, watu wakaonywa kabisa kwamba humu kuna za kubuni, bado. Hisia ya kujua inamwagika nje ya chombo chake. Na wasomaji wanasaidia kuimwaga: mwaka 2008 Weisberg na wenzake waliongeza sentensi ya ubongo isiyohusiana na hoja kwenye maelezo mabovu, na watu wa kawaida wakayaona maelezo yale yanaridhisha zaidi. Hata wanafunzi waliokuwa kwenye kozi ya sayansi ya neva walinasa. Wabobezi hawakunasa.

Na sisi wa ndani ya fani ya ubongo tusijikweze. Mtu anayechunguza ubongo wa panya akipewa kipaza sauti anaanza kuongelea ndoa. Utafiti wa madereva teksi wa London wa mwaka 2000, watu 16, kila mtu anautaja: sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao (eneo la ubongo la kumbukumbu na kujua njia) ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Sehemu ya mbele ilikuwa ndogo kuliko ya wengine, imo kwenye ripoti ile ile, na hata wenzetu wanairuka.

mpitanjia77

Sawa, nimekubali la mlima. Na ile ya kwamba ubongo unakomaa ukifika miaka 25?

Takwimu_Kavu

Hakuna kengele inayolia siku hiyo. Sehemu za kuona na kutembea zinatangulia, gamba la mbele la ubongo linachelewa, na nyuzi nyeupe zinazounganisha maeneo zinaendelea kubadilika hata baada ya miaka 30. Ule ni mteremko wa wastani wa kundi, na mtu mmoja mmoja anatawanyika pande zote za mstari. Mpe mtaalamu wa picha bongo mbili zenye afya, moja ya mtu wa miaka 23 na nyingine ya 27, hawezi kukuhakikishia ipi ni ya nani.