Naomba ushauri: leth (mashine ya kukereza) ya kompyuta yenye spindo mbili kwa karakana ndogo Mtwara

Habari zenu wakuu. Nina karakana Mtwara mjini, nakereza bushi (vipande vya duara vyenye tundu katikati) na shafti za mashine za kubangulia korosho. Bushi za kuchongwa pande zote mbili ndizo zinaniumiza kichwa: nikiigeuza na kuifunga upya kwenye chaki (kishikio chenye taya kinachobana kipande), saa ya kupimia inaonyesha imeyumba milimita 0.05, na mteja anataka isizidi 0.02.

Kwenye leth ya spindo mbili (spindo ndiyo inayoshika na kuzungusha kipande), ya pili inakipokea kipande zote zikizunguka kwa kasi moja, kinakatwa, kisha kinachongwa nyuma bila kuguswa na mkono. Hilo nalitamani sana! Ila oda zangu ni vipande vichache vichache. Je, inalipa? Au ninunue ya spindo moja, nitumie taya laini za chaki (za chuma kinachochongeka) nilizozichonga papo hapo kwenye mashine? Na umeme ukikatika katikati ya kupokezana, inakuwaje?