Korali inashuka sauti kwenye wimbo wa Misa wa Mtakatifu, Pasaka imekaribia. Nifanye nini?

Maestro Mdogo (Bukavu): Tumsifu Yesu Kristo. Naongoza korali ya watu 14. Mtakatifu tunauanza do ikiwa G. Tukimaliza tuko F. Silali. Nisaidieni.

Sauti ya Nne: Milele amina. Anzeni F, sauti ya kwanza inabanwa huko juu. Zima kinanda. Kila sauti dakika 15 peke yake, kisha ya kwanza na ya nne pamoja, mwisho zote. Sikiliza noti inayorudiwa: so so so so, ile ya nne huwa imeshalegea. Na wakiteremka mi re do, hatua zao huwa ndefu mno. Waimbe kwa “nu” kwanza, maneno baadaye.

Mama Sakristia: Mimi nauliza hicho kinanda. Kwaresima ni cha kushika sauti tu, hakipigwi peke yake isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Vijana hamsikii!

Mbavu Zangu: Watu 14, tisa sauti ya kwanza, na ya tatu ni maestro mwenyewe. Nakosea?

Sauti ya Nne: Nyimbo nyingine hazishuki? Weka maneno hapa tuone irabu za juu.

Maestro Mdogo: Hazishuki. Huu ni utunzi wangu. “Mbingu na dunia zimejaa utukufu wako” nimeitoa, nikaweka ubeti wa kumshukuru aliyetununulia kinanda. Maana haijapotea, na nakala 60 zimeshatoka.

Mama Sakristia: Yesu na Maria! Padri paroko anajua?

Sauti ya Nne: Maestro, Mtakatifu ni sehemu ya Sala ya Ekaristi, na ni wa waamini wote. Misale yetu ya Zaire ya 1988, yaani kitabu cha sala za Misa, imesogeza toba baada ya homilia, ngoma ipo, kucheza kupo. Ubeti wa mfadhili haumo.

Maestro Mdogo: Lakini watu wameupenda. Na hela imeisha.

Mbavu Zangu: Korali ya 14, nakala 60? Uzi wa kubuni huu.

Maestro Mdogo: 46 ni za waamini, kaka.

Sauti ya Nne: Abuni asibuni, noti zibaki, maneno ya Misale yarudi. Mfadhili aimbiwe uani baada ya Misa. Upande wa pili wa karatasi uko mtupu?

Maestro Mdogo: Mtupu. Ila “utukufu wako” haienei, nina noti nne na silabi ni sita.

Sauti ya Nne: Zile noti mbili ndefu za “la”, kila moja ikate nusu.