Gridi ndogo ya umma: betri za chuma au lithiamu?

Mleta mada: Wadau, gridi ndogo ya sola ikijengwa kwa fedha za umma, umeme wa usiku uhifadhiwe wapi? Mimi natetea betri ya chuma ya mtiririko: kloridi ya chuma ndani ya maji, matangi mawili, pampu mbili. Ukichaji, chuma kinaganda kwenye elektrodi hasi, ukitumia, kinayeyuka. Seli moja ni volti 1.21. Kwa nadharia kWh 1 inataka kilo 2.6 za chuma, yaani lita 31 za mchanganyiko wa molari 1.5 (moli 1.5 za chuma kwa lita; moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali). Mchanganyiko wenyewe haushiki moto.

Mdau wa maabara: Mkuu, hizo lita 31 ndizo zenye kasheshe. Asilimia 1 tu ya chaji ikitoa haidrojeni badala ya kugandisha chuma, unapata gesi lita 3.7 hivi kwa kila kWh, na moli 0.31 za asidi iliyomo kwenye mchanganyiko zimeliwa. Sasa piga hesabu: maji ya pH 2 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua) yana moli 0.01 za asidi kwa lita, mara 31 ni 0.31 ileile. Chaji moja, asidi huru kwisha! pH ikifika 3 chuma cha +3 (kilichopoteza elektroni tatu, kipo upande chanya) kinakuwa tope, utando unaotenganisha pande mbili za seli unaziba.

Mleta mada: Sibishi, lakini dawa ipo. Haidrojeni ikutanishwe na chuma cha +3 kwenye kichocheo, asidi inarudi. Tangi nalo lifungwe kabisa, maana oksijeni ikiingia inageuza chuma cha +2 kuwa +3 na kula asidi nyingine.

Fundi wa inveta: Mnaongelea kemia tu, paneli je? Ukitaka kWh 10 usiku kwa ufanisi wa 70% (umeme unaorudi ukilinganisha na ulioingia), uchaji kWh 14.3. Kwa 90% ya lithiamu fosfati ya chuma, 11.1 zinatosha. (Ndiyo, hata hiyo ina chuma, ingawa watu huiita lithiamu tu.)

Mdau wa nikeli-chuma: Betri ya nikeli-chuma ya Edison, inayotumia alkali badala ya asidi, mmeisahau? Inavumilia kuchajiwa kupita kiasi na kuishiwa kabisa.

Fundi wa inveta: Inavumilia, ila inajimaliza chaji yenyewe ikikaa tu. Seli 40 ni volti 48, lakini kuchaji vizuri kunataka 1.65 kwa seli, yaani 66. Inveta nyingi za 48 hukata kabla ya hapo. Ukipunguza hadi seli 38 unabaki 62.7, nayo bado si kila inveta itakubali. Kuna maji yaliyotoneshwa (distilled) ya kuongeza kila mara, na haidromita (kifaa cha kupima uzito wa maji ya betri) iliyogusa betri ya asidi isisogee hapo: tone la asidi linaharibu alkali.

Mleta mada: Basi tenda idai ufanisi upimwe upande wa AC (umeme unaotoka kwenye inveta kwenda kwa watumiaji), umeme wa pampu ukiwemo.

Mdau wa maabara: Na pH ipimwe kila tangi peke yake. Wauzaji hupenda kutoa wastani.