Nimebadilishiwa pampu na nozeli zote nne, kumbe ugonjwa ni MPIRA wa mafuta. Gereji za Dar mnatumaliza!

Wakuu, habari za majukumu. Nimekaa na hili wiki 5, leo natapika. Kama kuna fundi humu atakayejiona, ajione tu.

Gari ni Isuzu D-Max, mashine 4JJ1, lita 3.0, dizeli ya komoni reli (reli ni bomba la presha kubwa linalogawia mafuta nozeli zote, nazo zinayapulizia ndani ya injini). Nakiri mapema ili nisitukanwe: si ya kiwandani tena. Nimechomelea tenki la pili la lita 90 chini ya bodi, nimeweka ekzosi pana, na kile kiboksi cha kuongeza nguvu nilikifunga kwa mkono wangu. Inapeleka tailizi na ndoo za rangi kutoka Dar hadi Makambako.

Ugonjwa ulianzia mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa. Sailensa (injini inawaka, gari limesimama) safi kabisa, imetulia. Tambarare yote ya Mikumi inatembea vizuri tu. Ukiianza Kitonga, gia ya pili, tani moja na nusu mgongoni, inakata pumzi. Taa ya injini inawaka, nguvu zinakufa, Fuso limejaa saruji linatupita dereva anatupungia mkono. Ukizima dakika mbili ukawasha, inakwenda mita 300, inagoma tena. Tandiboi wangu alipanda mlima ule karibu wote kwa miguu, kakumbatia jiwe la kuzuia tairi.

Narudi Dar, naipeleka gereji moja kubwa, siitaji. Kijana akachomeka mashine ya kupimia hata boneti haijafunguliwa. Ikasoma P0087. "Bosi, pampu imekufa hiyo." Dakika nne! Hakuuliza inafia wapi, ikiwa na mzigo au bila mzigo.

Sasa P0087 inasema nini? Inasema presha ya mafuta kwenye reli iko chini. BASI. Haijakutajia mwizi. Anaweza kuwa filta imeziba, hewa inaingia, valvu ya pampu (SCV) inanata, valvu ya usalama kwenye reli inapitisha, nozeli inarudisha mafuta mengi, au kweli pampu yenyewe. Yeye akaruka moja kwa moja kwenye kitu cha bei kubwa kuliko vyote. Pampu iliyotumika, milioni 1.9, nikalipa. Safari iliyofuata, Kitonga ile ile, jiwe lile lile.

Narudi. "Basi ni nozeli, bosi, pampu mpya imezizidi." Nikamwambia kwa upole, ndugu yangu, pima kwanza ritani. Kipimo chenyewe hakina gharama: unachomoa vibomba vya kurudishia mafuta, kila nozeli unaiwekea chupa yake ndogo, unawasha, unaangalia chupa ipi inajaa haraka kuliko wenzake. Hiyo ndiyo inayoiba presha. Akacheka, eti hayo mambo ya zamani. Nozeli nne, milioni 2.4. Gari haikubadilika HATA KIDOGO.

Na lile suala la kiboksi ndilo linaniuma zaidi. Kinakaa kati ya sensa ya reli na kompyuta ya gari, na kazi yake ni kusema uongo. Reli ikiwa na presha ya MPa 130, kinaiambia kompyuta ni 115, kompyuta inadhani presha haitoshi, inaagiza pampu iongeze. Ndiyo nguvu mnayoisifia hiyo. Kwa hiyo namba aliyokuwa anaisoma yule kijana na kuikunjia uso ilikuwa namba ya kiboksi, si ya reli! Nilimuuliza kwa mdomo wangu, nikitoe? "Kiache bosi, hakina neno."

Nimekuja kupona Iringa, kwa mzee mmoja mwenye gereji ya mabati. Nimemwamkia, kaitikia marahaba, kisha kabla ya kushika spana akauliza: "Mwanangu, gari hii umeifanya nini ambacho walioitengeneza hawakukifanya?" Nikamhesabia. Akachomoa kiboksi, akarudisha plagi ya sensa kwenye waya wake wa asili, akanirushia mapajani. "Hiki kaa nacho wewe."

Kisha akafunga dumu la lita 20 nyuma ya bodi, dizeli safi, mpira mpya kutoka kwenye dumu hadi kwenye filta. Tenki zote mbili zikawa nje ya mchezo. Tukashuka nayo Ipogoro ikiwa na mzigo wake wote, tukageuza, tukapanda mlima wa kuingia mjini. Wakuu, ilipanda kama imeitwa. Mzee akasema tu, "Pampu nzima. Nozeli nzima. Twende chini."

Mwenye 4JJ1 kama hii yangu aelewe hapa: kwenye tenki hamna pampu ya kusukuma. Pampu ya mbele inavuta yenyewe. Ina uwezo wa kukandamiza zaidi ya MPa 150, yaani bar 1,500, lakini upande wa kuvuta haiwezi kuzidi bar 1, maana kinachosukuma mafuta kutoka tenkini ni hewa ya nje tu. Upande huo kosa dogo linaiua gari, na huoni tone chini, kwa sababu bomba linavuta, halimwagi.

Mzee akachomoa mpira ule uliounganishwa siku ya kufunga tenki la pili, akaupasua kwa wembe. Ulikuwa MPIRA WA MAJI! Dizeli imeulainisha, ngozi ya ndani imevimba na kubanduka, inaning'inia kama utando wa maziwa. Kwenye sailensa mafuta yanayovutwa ni machache, yanapenya. Mlimani pampu inavuta kwa nguvu, mpira unajibana wenyewe bapa. Ukizima, unafunguka. Ndiyo maana zile dakika mbili zilikuwa zinanisaidia.

Mpira wa dizeli milimita 8, kilipu mbili, filta mpya maana ya zamani ilijaa vipande vyeusi, na ufundi: elfu 85. Nimeshapanda Kitonga mara tatu tangu hapo.

Aliyefunga tenki ni mchomeleaji wa mtaani, na huyo nilimchagua mwenyewe kwa ubahili, namsamehe. Hawa wa milioni 4.3 wenye mashine, ovaroli na risiti siwasamehe. Kwenye simu wananiambia "lakini bosi umepata vifaa vizuri." Vizuri nimeviomba?

Nataka vifaa vyangu vya zamani, sasa naamini vilikuwa vizima. Nimeviulizia mara tatu. Mara vimeuzwa skrepa, mara viko stoo na mwenye ufunguo kasafiri, mara "vifaa gani tena?" Mwenye kujua sheria hapo aniambie kama nianzie polisi au kwingine. Jumatatu saa 3 asubuhi niko mlangoni kwao, na tandiboi nakwenda naye. Kasema jiwe lake anakuja nalo.