Mafundi wa kusafisha chimni Arusha, mnapanga bei kwa kuangalia geti na siyo kazi. Imetosha!

Wakuu habari za jioni. Nina hasira na naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Sisi tunaoishi huku juu, Ilboru, Sakina, Ngaramtoni mpaka Olmotonyi, Juni na Julai tunazijua. Mjini penyewe ni kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sisi tumepanda zaidi kuelekea Mlima Meru. Jioni ukungu unashuka, kuta za matofali zinapoa, mtoto anakohoa, mzee analalamika magoti. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani huku zilijengwa na meko ya kuotea moto sebuleni, na chimni yake imetokeza juu ya paa. Walioko Dar na Tanga wasidhani ni anasa. Mimi nakaa na mama yangu mzazi, ana umri wa kuheshimika na kifua chake si kizuri. Huo moto ndio unaomfanya alale.

Sasa mwaka huu baridi ilipoanza, tukiwasha tu moshi unarudi ndani. Nikaomba namba za watu wanaosafisha chimni, nikapewa. Nikapiga simu, kijana akanijibu vizuri kabisa: "Mama, kusafisha tunaanzia elfu 80, tunakuja na vifaa vyetu." Nikasema sawa, njooni.

Wakaja. Kabla hata hawajaingia ndani, mkubwa wao alisimama kwenye geti. Akaliangalia lile geti la chuma, akaangalia gari, akaangalia dishi, akazunguka nyumba mpaka nyuma kwenye tangi la maji. Chimni yenyewe hakuitazama. Kisha akatoa kijidaftari na kuanza kuniandikia. Kusafisha, 150,000. Ukaguzi, 50,000. Usafiri, 40,000, na wametoka Kijenge, hapa hapa Arusha! Vifaa, 45,000. Na mwishoni kitu anachokiita "hela ya hatari", 60,000. Jumla 345,000. Nikamuuliza ile elfu 80 ya kwenye simu imeenda wapi, akanijibu, "Mama, ile ni ya nyumba za kawaida."

Nyumba za kawaida! Hebu nisikilizeni vizuri. Jirani yangu ng'ambo ya barabara, nyumba yake na yangu zilijengwa na fundi mmoja, miaka ile ile, ramani ile ile, chimni urefu ule ule, tofali zile zile. Yeye ana uzio wa mabanzi na geti la mbao. Watu hao hao, msimu huu huu, wamemfanyia kwa 110,000. Hakuandikiwa ukaguzi wala vifaa, na hela ya hatari hakuisikia kabisa. Je, brashi inajua geti langu limetengenezwa na nini? Masizi ya kwangu ni mazito kuliko ya kwake kwa sababu nina dishi?

Hapo ndipo penye malalamiko yangu, na nawaomba wachangiaji msinitoe hapo. Sisemi kazi hii iwe ya bei rahisi. Ni kazi chafu na ni ya hatari, anayeifanya vizuri alipwe vizuri, na mimi nalipa. Ninachokataa ni mtu kunipima mimi badala ya kuipima chimni. Bei ya kazi hii ina vitu vinavyoieleza: urefu wa bomba, mteremko wa paa, mara ya mwisho kusafishwa ni lini, ni masizi makavu au yameganda, kuna kiota cha ndege au hakuna. Vyote hivyo mtu anavijua kwa kuinama kwenye meko na tochi, kazi ya dakika chache. Huyu hakuinama.

Nikataka risiti. Loo! Uso ukabadilika. "Ukitaka risiti, mama, tunaongeza asilimia 18." Yaani 62,100 juu, jumla iwe 407,100. Wakuu, huu mchezo tumeuzoea mpaka tunauona ni halali. Risiti si kitu cha kununua, muuzaji anatakiwa kuitoa. TRA wenyewe, mamlaka ya mapato, wanatuimbia kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Na hiyo asilimia 18 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anayeruhusiwa kuitoza ni aliyesajiliwa VAT. Kizingiti cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200. Nilipomwomba anionyeshe cheti cha usajili akaanza kukunja ngazi. Mama yangu alikuwa ndani anatetemeka na blanketi. Tukakubaliana 320,000 bila risiti, kwa sababu mwenye shida ni mimi na yeye analijua hilo.

Sasa njooni kwenye kazi yenyewe.

Aliyepanda juu ni kijana mdogo, nadhani hata miaka ishirini hajafika. Hana kamba, hana kofia ngumu, hana glovu. Barakoa hana, kajifunga fulana puani. Paa letu ni la vigae na lilikuwa na unyevu wa asubuhi. Nilipoona anateleza kidogo karibu na ukingo nikapiga kelele ashuke, mkubwa wake akacheka akasema amezoea. Baadaye nikamuuliza yule kijana pembeni, kwa leo unapata ngapi? Akasema elfu kumi na tano, na chakula anajitegemea. Kwa hiyo hela ya hatari ni 60,000, na aliyeibeba hatari yote mgongoni anapata robo yake kwa kazi nzima! Hii ndiyo iliyonichoma kuliko hata hela yangu.

Na masizi siyo vumbi la kufuta kwa kanga. Mwaka 1775 daktari wa Uingereza, Percivall Pott, aliandika kuhusu saratani iliyokuwa inawapata wasafisha chimni wa nchi yake, na alisema chanzo ni masizi yanayoganda kwenye ngozi. Wakati huo Waingereza walikuwa wanawapandisha watoto ndani ya chimni zenyewe. Ilichukua sheria kadhaa, na ile ya 1875 ndiyo iliyokomesha kweli, baada ya mtoto wa miaka kama kumi na mmoja kukwama ndani ya chimni na kufa. Leo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya WHO, limeyaweka masizi ya chimni kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Halafu sisi mwaka huu tunampandisha kijana na fulana puani, na mteja anaandikiwa "vifaa 45,000". Vifaa gani? Nilichokiona ni brashi moja ya waya iliyofungwa kwenye mianzi, na gunia.

Walipiga brashi juu, yakashuka masizi, wakakusanya nusu wakamwaga kwenye maua yangu. Nusu nyingine ipo kwenye kochi la mama, kitambaa cha rangi ya maziwa, mpaka leo alama za vidole zipo kwenye mkono wa kochi. Hawakutandika hata gazeti. Wakaniambia, tayari mama, washa. Wakaondoka.

Nikawasha jioni. Moshi ukarudi vilevile.

Nikamwita mzee mmoja fundi mwashi wa Ngaramtoni, mtu wa siku nyingi, kazi yake ni kujenga na kuziba nyufa, siyo kusafisha. Akaniambia, mwanangu, leta kioo. Akakiweka kwenye meko mchana kweupe, tukaangalia juu kupitia kioo. Chimni safi unatakiwa uone kipande cha mbingu. Tuliona kijimwanga kama sarafu tu. Akaingiza mkono nyuma ya koo la chimni, ile sehemu bapa ambayo masizi na mchanga vinaangukia, akatoa vijiti vya kiota, majani makavu na masizi ya kujaza ndoo. Hawakuigusa kabisa! Walichokwangua juu kilidondokea hapo na kuziba zaidi. Kisha akanionyesha kwenye kuta za ndani ya chimni: utando mweusi unaong'aa, mgumu, ukiugonga unalia. Hiyo ni kriosoti. Brashi ya kawaida haiuondoi huo, inaupaka rangi tu. Unahitaji kukwanguliwa taratibu au vifaa maalumu, na fundi mkweli angeniambia hivyo na kunipa bei yake, hata ingekuwa kubwa.

Nawaeleza inatoka wapi maana wengi huku tunachoma kuni zozote. Kuni mbichi zimejaa maji. Mabanzi ya paini kutoka kwenye mashine za mbao na mkaratusi uliokatwa juzi, ukiyawasha moto unakuwa wa baridi na moshi mzito. Ule moshi ukifika juu kwenye tofali zilizopoa unaganda kama utomvu. Ukirundikana, siku moja ukiwasha moto mkubwa unashika wenyewe ndani ya chimni, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Tofali zinapasuka, moto unaingia kwenye kenchi na dari. Namba ya Zimamoto ni 114, iandikeni ukutani. Kuni zikaushwe angalau miezi sita kwenye kibanda kinachopitisha hewa, mgrivea uliokauka unatosha kabisa.

Na kuna lingine linaloua kimya. Chimni ikiziba, hewa ya kaboni monoksaidi inabaki chumbani. Haina rangi, haina harufu, na kwenye damu inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Kwa hiyo mtu anayechukua 320,000 yangu na kuniambia "tayari mama, washa" hakunidhulumu hela peke yake. Alimwacha mama yangu alale kwenye chumba ambacho moshi hauna pa kutokea.

Nilipowapigia warudi, jibu lilikuwa kwamba wakirudi ni kazi mpya, na usafiri unaanza upya.

Kuna mkuu kaniambia faragha eti ndivyo soko huria lilivyo, mwenye nacho alipe. Mkuu, soko huria ni pale mnunuzi anapoijua bei na kazi kabla ya kukubali. Ujerumani, kazi za lazima za fundi wa chimni wa wilaya zina ada iliyoandikwa kwenye kanuni za serikali, na kazi nyingine za kusafisha tangu 2013 mwenye nyumba anachagua fundi anayemtaka. Marekani kiwango chao cha usalama kinataka chimni ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na wasafishaji wao wana kipimo kinachojulikana: masizi yakifika unene wa milimita 3 hivi, safisha. Mteja na fundi wanaongea kitu kimoja. Hapa kipimo ni geti. Ndiyo maana wengi wanaamua kutosafisha kabisa, wanaendelea kuwasha hivyo hivyo mwaka baada ya mwaka, na hao ndio ninaowaogopea.

Mafundi mliomo humu, na najua mpo, nawaomba mjibu bila kunitukana. Kwa nini hamuwezi kutaja bei kwa urefu wa chimni? Kwa nini ukaguzi unatozwa pembeni wakati hamkagui? Mbona kijana hana kamba wakati hela ya hatari imelipwa? Mwenye majibu aje nayo hapa.

NYONGEZA: Walioomba jina la hao mafundi, sitaliweka humu, shauri lao nalipeleka kwa serikali ya mtaa. Aliyeuliza kama jiko la gesi lingemaliza tatizo, ndugu yangu, gesi napikia tangu zamani, huu ni moto wa kupasha nyumba. Na yule aliyesema nimwite yule mzee mwashi amalizie, ameshamalizia ile sehemu ya nyuma na kuziba nyufa mbili, akanidai 40,000, akaniandikia kwa mkono wake alichofanya na ambacho hakukiweza. Ule utando wa kriosoti bado upo na mpaka uondoke siwashi.

Kwa hiyo tuanze wenyewe. Kila aliyesafisha chimni mwaka huu aweke hapa mtaa wake, chimni ina urefu gani, alichotajiwa kwenye simu, alicholipa mwishoni, na kama alipewa risiti. Jina lako usiweke, la fundi usiweke. Wa Moshi pia, Kibosho na Marangu kule juu najua mnawasha. Naanza: Ilboru, nyumba ya chini, chimni moja ya kama mita sita, simu elfu 80, nimelipa 320,000, risiti sina. Na mwenye kumjua fundi anayeweza kuondoa kriosoti iliyoganda, anayefunga kamba vijana wake, anitumie namba faragha leo hii. Baridi haijaisha.