Naomba ushauri: masaa 72 ya kuanza PEP (dawa ya kuzuia VVU baada ya mtu kuwa katika hatari ya kuambukizwa) tuyaeleze vipi?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Tunaandaa mafunzo ya washauri nasaha hapa Wete, na kikwazo ni kile kile: watu hukimbilia kipimo badala ya dawa. Mtu anakuja siku ya pili, anapimwa, hana, anaondoka na furaha zake.

Kumbe VVU, vikishapenya utando laini wa ukeni au wa njia ya haja kubwa, huzaliana kwanza palepale ndani ya chembe chache za CD4, yaani chembe nyeupe za kinga ya mwili. Huhamia kwenye tezi za mitoki, kisha damu huvisambaza hadi utumboni, zilikojaa chembe hizo, nazo huteketea ndani ya wiki chache tu. Kwa takriban siku 10 za mwanzo hata kipimo cha vinasaba hakivioni. Na kwa kima walioambukizwa SIV (virusi vya nyani vinavyofanana na VVU), dawa iliyoanzwa siku ya 3 ilikuta virusi vimeshajificha! Kwa hiyo masaa 72 ni ukomo, si miadi. Kidonge cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri kinataka kuanza leo leo, kimoja kila siku, siku 28.

Mchoro gani utaeleweka kwa asiyesoma baiolojia? Na aliyekuja siku ya nne mnamwambiaje, mbali na kumpangia vipimo vya marudio?